Buddha aliumwa mgongo: maisha ya Siddhartha Gautama na swali la mzee wa Dzaleka

CHILINDE, LILONGWE. Kwenye meza moja ya mapambo hapa Chilinde, kati ya saa za ukutani na maua ya plastiki, imekaa sanamu ya mtu mnene mwenye kipara, tumbo wazi, anacheka. Mwenye meza anaiita Buda. Aliipata kwa mfanyabiashara aliyeivusha Kasumulu ndani ya mzigo mchanganyiko uliotoka Dar es Salaam, na wanaoinunua huiweka dukani wakiamini inavuta wateja.

Sanamu ile si ya Buddha. Ni ya Budai, mtawa wa Kichina anayesimuliwa kuwa aliishi karne ya 10, mzururaji mwenye gunia begani, ambaye Wachina walimpenda kwa ucheshi wake. Buddha mwenyewe, Siddhartha Gautama, alimtangulia kwa zaidi ya miaka 1,000, akaishi nchi nyingine, na kuna kipindi cha maisha yake alikuwa amekonda kiasi kwamba akigusa ngozi ya tumbo alishika uti wa mgongo.

Ningeliacha jambo hilo hapo kama si mzee mmoja wa Dzaleka.

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kilomita zisizofika 50 kaskazini mwa Lilongwe. Wasomaji wengi wa gazeti hili wanaijua kwa biashara: ukitaka kusikia Kiswahili cha Uvira, cha Bukavu na cha Bujumbura kwa siku moja bila kugongewa muhuri wowote, nenda soko la Dzaleka. Kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994 palikuwa gereza, na enzi za Kamuzu Banda walifungwa humo wapinzani wa kisiasa. Jina lenyewe kwa Kichewa ni kauli ya mtu anayeapa kwamba hatarudia tena. Kambi ilipangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000. Mwaka 2023, serikali ya Malawi ilipowaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, wengi walifunga maduka yao wakarudi na walichoweza kubeba.

Mzee ninayemsema ni mmoja wao. Zamani alivusha bidhaa kati ya Uvira na Bujumbura, baadaye akawa na duka dogo mjini Lilongwe, na sasa anauza chumvi na mafuta ya kupikia kwa vipimo. Mgongo wake uliumia alipokuwa akikimbia vita, na hawezi kukaa kitini zaidi ya nusu saa. Aliniita mwanangu, akanipa kiti, yeye akabaki amesimama. Kijana mmoja alikuwa amemwonyesha kwenye simu watawa wa Kibudha waliokaa bila kutikisika, akamwambia kuwa hao huizoeza akili hadi isihisi maumivu. Mzee alitaka kujua mambo mawili: kama ni kweli, na kama ni kweli, inachukua siku ngapi.

Sikuwa na jibu. Chuo kikuu nilisoma uhusiano wa kimataifa, na Buddha alipita kwenye mhadhara mmoja kama gari la serikali linavyopita kizuizini. Ikabidi nirudi kwenye vitabu. Yanayofuata ni maisha ya mtu huyo kama yanavyosimuliwa katika maandiko ya zamani ya Kipali, ambayo wafuasi waliyakariri kwa vichwa kwa vizazi kadhaa kabla ya kuandikwa nchini Sri Lanka katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Miujiza nimeiacha kando. Nimefuata maumivu.

Siddhartha alizaliwa Lumbini, kusini mwa nchi inayoitwa leo Nepal, karibu na mpaka wa India. Mfalme Ashoka alisimamisha nguzo ya jiwe mahali hapo katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na nguzo ipo hadi leo. Kuhusu mwaka wa kuzaliwa wanahistoria hawajapatana: hesabu iliyozoeleka ni 563 kabla ya Kristo, lakini wengi wa siku hizi wanamsogeza mbele kwa miaka 80 au zaidi. Baba yake, Suddhodana, alikuwa mkuu wa ukoo wa Sakya. Mama yake, Maya, alifariki siku saba baada ya kujifungua, na mtoto akalelewa na mama yake mdogo, Mahapajapati.

Alikua katika mali. Inasimuliwa kwamba alikuwa na nyumba tatu, moja ya majira ya baridi, moja ya joto na moja ya mvua. Akaoa, mke akiitwa Yasodhara. Mapokeo yanasema baba alimzuia asione taabu ya aina yoyote, hadi siku alipotoka akakutana kwa zamu na mzee aliyepinda, mgonjwa, maiti iliyobebwa, na mwisho mtawa aliyetembea kwa utulivu na bakuli lake. Kwa mtu wa Dzaleka hadithi hii ina kichekesho ndani yake: huku mtoto wa miaka mitano ameshawaona wote wanne kabla ya chakula cha mchana. Lakini ndivyo wanavyosimulia, na huenda kisa kinasema kweli nyingine, kwamba mtu anaweza kuona vifo maishani mwake mwote na siku moja tu ndipo agundue kuwa na yeye yumo kwenye foleni hiyo.

Akiwa na miaka 29 aliondoka nyumbani usiku, akamwacha mke na mtoto mchanga aliyeitwa Rahula.

Hapa sina budi kusimama. Wasomaji wa ukurasa huu wanawajua wanaume walioaga kwamba wanakwenda Johannesburg kutafuta mtaji na hawajaonekana tena. Waandishi wa Kibudha hulipamba tendo hili. Mimi bado linanikwaza. Walau maandiko hayakuficha gharama yake. Miaka baadaye Siddhartha aliporudi kutembelea kwao akiwa mwalimu maarufu, mama alimtuma Rahula akadai urithi kwa baba yake. Urithi alioupata ni kunyolewa nywele na kuingizwa utawani. Babu Suddhodana alikwenda kulalamika kwamba kuondoka kwa mwana kulimuuma, na kuondokewa na mjukuu kumemuuma hadi kwenye mifupa, akaomba mtoto yeyote asipokelewe tena bila idhini ya wazazi. Mwanawe alikubali, ikawa kanuni, na inafuatwa mpaka leo.

Turudi njiani. Siddhartha alitafuta walimu. Wa kwanza, Alara Kalama, na wa pili, Uddaka Ramaputta, walimfundisha taamuli ya kina, yaani kuituliza akili hatua kwa hatua hadi dunia ya nje inyamaze. Kuhusu Alara Kalama inasimuliwa kwamba siku moja alikaa kando ya barabara, msafara wa magari 500 ya kukokotwa ukapita karibu naye kiasi cha kumgusa, vumbi likajaa nguo zake, naye hakuona wala hakusikia, ingawa alikuwa macho. Siddhartha aliyajua yote waliyokuwa nayo walimu hao, wakataka awe mwenzao wa kufundisha. Alikataa. Aliona kuwa ukiinuka kutoka kwenye utulivu ule, unayakuta mambo yako palepale ulipoyaacha. Ni sawa na mtu anayelala usingizi mzito ndani ya basi: anaamka Karonga, deni lake liko vilevile.

Basi akageukia njia iliyoheshimiwa sana siku hizo, ya kuutesa mwili makusudi. Miaka sita, karibu na mto Neranjara, pamoja na wenzake watano, alijaribu kuyashinda maumivu kwa kuyaongeza. Alikaza meno na kubana ulimi kwenye kaakaa hadi jasho likamtoka kwapani. Alizuia pumzi hadi kichwa kikauma kana kwamba mtu mwenye nguvu amekizungushia mkanda wa ngozi na kuukaza. Alipunguza chakula hadi kiganja kimoja cha mchuzi wa dengu kwa siku. Nywele ziling'oka akizigusa. Akienda haja alianguka kifudifudi.

Nimemsimulia mzee wa Dzaleka sehemu hii kwa makini, kwa kuwa ndiyo inayolijibu swali lake kwa mara ya kwanza. Kama uvumilivu wa maumivu ungekuwa suala la ubishi tu, la nani atakaza zaidi, Siddhartha angelipata alichokitafuta pale Neranjara. Hakukipata. Alikiri kwamba hakuna aliyejitesa kuliko yeye, na kwamba hakupata lolote isipokuwa udhaifu. Akakumbuka siku moja ya utoto wake, alipokaa peke yake kwenye kivuli cha mti wa jamii ya mzambarau huku baba yake akiwa kwenye kazi ya kulima, na akili yake ikatulia yenyewe, kwa raha, bila kulazimishwa. Akajiuliza kwa nini aiogope raha ya namna hiyo. Akaamua kula. Mapokeo yanamtaja mwanamke wa kijijini aliyeitwa Sujata kuwa ndiye aliyempa wali uliopikwa kwa maziwa. Wenzake watano walimwona amerudi kwenye anasa, wakamsusa wakaondoka.

Akiwa na nguvu mpya alikaa chini ya mti wa jamii ya mkuyu, mahali panapoitwa leo Bodh Gaya katika jimbo la Bihar, India. Alikuwa na miaka 35. Alfajiri alikuwa ameshaelewa alichokitafuta, na tangu hapo anaitwa Buddha, maana yake aliyeamka.

Watu wa kwanza kumfuata baada ya hapo hawakuwa watawa wala wafalme. Walikuwa wafanyabiashara wawili wa masafa marefu, Tapussa na Bhallika, waliokuwa wakipita na msafara wao kutoka nchi ya Ukkala. Walimpa chakula chao cha safari, unga wa nafaka na mabonge ya asali, kisha wakajitangaza kuwa wafuasi wake kabla ya jumuiya ya watawa kuwapo. Hawakuacha biashara. Walisogeza mzigo wao wakaendelea na safari. Waburma wanaamini kuwa wawili hao walipewa nywele zake wakazipeleka kwao, na kwamba ndizo zilizohifadhiwa ndani ya hekalu la dhahabu la Shwedagon mjini Yangon. Iwe kweli au si kweli, dini ile ilisambaa kwa njia za misafara na za majahazi, na wenye mizigo ndio waliowabeba watawa.

Kwetu pia ilifika kwa njia hiyohiyo ya watu wanaotafuta maisha. Mfanyabiashara anayekwenda Dar es Salaam kuchukua mzigo atalikuta Upanga hekalu la Kibudha lililojengwa na Wasinhala wa Sri Lanka yapata miaka 100 iliyopita. Uganda kuna kituo cha Kibudha kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Hapa Malawi watawa wa kutoka Taiwan wanaendesha kituo cha kulea yatima, Amitofo, upande wa Blantyre.

Buddha aliwafuata wale watano waliomsusa, akawakuta Sarnath, karibu na Varanasi, akawaeleza alichokiona. Kiini chake ni kifupi: maisha yana dhiki, dhiki ina chanzo, nacho ni kiu ya kutaka mambo yawe yasivyo, chanzo kikikoma dhiki hukoma, na ipo njia ya kufika huko, ambayo si ya anasa wala ya kujitesa. Kwa miaka 45 iliyofuata alitembea kwa miguu kwenye bonde la mto Ganges, akipumzika majira ya mvua tu. Mfalme Bimbisara wa Magadha alimpa bustani ya mianzi. Tajiri wa Savatthi, Anathapindika, alimnunulia shamba la mwana wa mfalme aliyeitwa Jeta kwa kulitandaza sarafu za dhahabu ardhini. Wanawake walipoomba kuingia utawani, wakiongozwa na Mahapajapati aliyemlea, aliwakatalia kwanza, na ni msaidizi wake Ananda aliyewatetea hadi akakubali.

Sasa, maumivu. Buddha alifundisha kwamba mtu asiyejizoeza akipatwa na uchungu wa mwili hulia, hulalamika, hujipiga kifua, na hivyo huumwa mara mbili, mwilini na moyoni. Alimfananisha na mtu aliyechomwa mshale, kisha papo hapo akachomwa wa pili. Aliyejizoeza huchomwa mmoja. Tazama kwamba hakusema huyo hachomwi. Mshale wa kwanza unaingia kwa wote.

Mshale wa pili tunaujua sana kwenye kazi zetu, hata kama hatuuiti hivyo. Mzigo umezuiwa forodhani siku tatu. Hiyo ni hasara, ina hesabu yake. Lakini usiku, chumbani kwenye nyumba ya wageni ya mpakani, mtu anaupiga mzigo uleule hesabu mara 40, anagombana kimoyomoyo na ofisa ambaye hata hayupo, anamlaumu wakala, anajilaumu mwenyewe, anaona watoto wamefukuzwa shule muhula ujao. Asubuhi mzigo haujasogea hata hatua moja, ila yeye amechoka kana kwamba ameubeba. Hata mgongo uko hivyo: kuna mchomo wenyewe, na kuna hofu ya mchomo ujao, hasira kwa aliyeusababisha, na mawazo ya utakavyokuwa ukizeeka.

Taamuli aliyoifundisha haina mafumbo. Mtu hukaa, au hulala kama hawezi kukaa, akaiangalia pumzi yake inavyoingia na kutoka. Akili ikitoroka anairudisha, bila kuikaripia. Maumivu yakija hayafukuzwi, yanatazamwa. Je, ni moto, ni kubana, ni kuchoma? Yanaanzia wapi, yanaishia wapi? Anayetazama hivyo hugundua kuwa kitu alichokiita maumivu ni mawimbi yanayopanda na kushuka, na kwamba malalamiko yanayoyafuata ni kitu kingine. Uzito mkubwa ulikuwa kwenye hicho kingine.

Wapo wanasayansi waliolipima jambo hili. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika chuo cha udaktari cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ya wiki nane kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha ambao dawa hazikuwatosha. Mwaka 2011 Fadel Zeidan na wenzake walichapisha utafiti mdogo wa watu 15 waliofundishwa taamuli ya pumzi kwa siku nne, dakika 20 kila siku, kisha wakagusishwa joto kali mguuni. Ukali wa maumivu, kwa maelezo yao wenyewe, ulishuka kwa asilimia 40. Kero ya maumivu hayo, yaani jinsi yalivyowasumbua, ilishuka zaidi, asilimia 57. Ni watu 15, tena ni maumivu ya maabara, si ya miaka 20. Hata hivyo tofauti ya tarakimu hizo mbili inafanana mno na mishale miwili.

Lipo jambo jingine ambalo video za simu hazilionyeshi. Buddha aliumwa, na maandiko yanasema hivyo waziwazi. Uzeeni mgongo ulimsumbua. Zaidi ya mara moja, watu wakiwa wamekusanyika kumsikiliza, alimwomba mwanafunzi wake aendelee kufundisha kwa kuwa yeye anahitaji kujinyoosha, akakunja shuka lake mara nne, akalala ubavu wa kulia. Nilipomsimulia mzee sehemu hii alicheka hadi akashika ukuta. Aliitaka tena.

Binamu yake Devadatta, aliyetaka uongozi wa jumuiya, alimporomoshea jiwe kutoka mlima wa Gijjhakuta. Likamkosa, lakini kipande kilimjeruhi mguu. Maumivu yalikuwa makali, na alilala akiyavumilia kwa akili iliyotulia. Tena mapokeo yanasema tabibu Jivaka aliletwa kumfunga dawa. Hakuikataa. Ninalitaja hili kwa ajili ya wale watakaodhani taamuli ni mbadala wa hospitali: mwenye fani yenyewe alitibiwa.

Siku nyingine alimjia mtu mzima aliyeitwa Nakulapita, mwili umechakaa na maradhi hayaishi, akaomba neno la kumfaa. Buddha hakumwahidi uponyaji. Alikubali kwamba mwili huo kweli ni mgonjwa, akamwambia ajizoeze kila siku ili mwili ukiugua akili isiugue nao. Mzee yule aliondoka uso umeng'aa.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Anathapindika, tajiri wa sarafu. Alipokuwa mahututi aliwaita watawa. Alikwenda Sariputta, mwanafunzi mkuu wa Buddha, pamoja na Ananda. Mgonjwa aliwaeleza kuwa kichwa kinamuuma kama kinachopasuliwa kwa ncha ya upanga, na tumbo kama linalokatwa kwa kisu cha mchinjaji, na kwamba hali inazidi tu. Sariputta alikaa kando ya kitanda akampitisha taratibu katika zoezi la kuachilia: asiling'ang'anie jicho na linachokiona, sikio na linachokisikia, mwili na unachokigusa, wala uchungu wenyewe, wala fikra zinazoufuata. Anathapindika akalia machozi. Walimuuliza kama anavunjika moyo. La, alijibu, alikuwa akilia kwa sababu amewahudumia watawa miaka mingi na hajawahi kusikia mafundisho ya namna hiyo. Wakamweleza kwamba kwa kawaida hayatolewi kwa watu wa mitaani wenye familia na mali. Naye, katika hali ile, akaomba yatolewe kwa wote, kwani hata miongoni mwa hao wapo watakaoelewa. Aliaga dunia muda mfupi baada ya wageni kuondoka.

Mfanyabiashara alikuwa amelipia shamba na majengo, na somo lililomfaa zaidi akaletewa siku ya mwisho. Sijui watawa walijisikiaje wakirudi.

Buddha mwenyewe alifikia miaka 80. Majira ya mvua ya mwisho aliyakaa katika kijiji cha Beluva, karibu na Vesali, na huko ugonjwa ulimshika kwa maumivu ya kuua. Aliyavumilia, kwa sababu hakutaka kufa bila kuagana na watu wake. Alipopata nafuu alimweleza Ananda kuwa mwili wake umekuwa kama gari kuukuu la kukokotwa linalotembea kwa kufungwafungwa kamba, na kwamba hupata raha pale tu anapoizamisha akili katika utulivu wa kina. Dereva yeyote wa njia ya Mzuzu anaielewa picha hiyo bila kufafanuliwa. Hapa kuna jibu la mwisho la swali la mzee: baada ya miaka 45 ya kufundisha, mwalimu mwenyewe alipata raha kwa vipindi, na kipindi kikiisha kamba zilikuwa palepale. Siku ngapi? Nilimwambia kuwa waliopimwa Marekani walianza kuona tofauti siku ya nne, na kwamba mwenye kazi alikuwa bado anaifanya akiwa na miaka 80. Alinyamaza, kisha akauliza kama inaruhusiwa kufanya mtu akiwa amesimama. Inaruhusiwa. Amesimama, anatembea, amekaa au amelala. Zimetajwa zote nne.

Kutoka Vesali aliendelea kutembea. Mjini Pava alikula kwa mhunzi aitwaye Cunda, na baada ya chakula hicho akaanza kuhara damu. Akasonga mbele hivyohivyo, akipumzika chini ya miti na kuomba maji. Njiani alimwagiza Ananda amfikishie Cunda ujumbe, ili watu wasije wakamlaumu mhunzi kwa chakula kile wala yeye asijilaumu: kilikuwa na heri sawa na kile alichokula kabla ya kuamka kwake. Mtu anayeharisha damu, mwenye miaka 80, yuko barabarani, anashughulika na usingizi wa aliyempikia.

Alifia Kusinara, amelala ubavu wa kulia katikati ya miti miwili. Ananda alikuwa ameegemea mlango akilia, na alimwita ndani akamfariji. Watawa wengine walijitupa chini kwa kilio. Waliozoea zaidi walikaa kimya.

Mwili ulichomwa. Falme na koo saba zilituma wajumbe kudai mabaki, Wamalla wa Kusinara wakakataa kuyatoa, na silaha zilikuwa karibu kutolewa juu ya mifupa ya mtu aliyekataza kuua hata mdudu. Brahmani mmoja, Dona, aliwatuliza, akayagawa mafungu manane sawasawa, na yeye akaomba chombo alichopimia. Wamoriya wa Pipphalivana walifika mgao umekwisha, wakaondoka na makaa.